Mimba Niliyomzulia Mke Wangu Bondia

Mpendwa Mama Felistus,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mama yangu anakuja mjini na mimi sitakuwa na pa kujificha. Nakuandikia wewe kwa sababu kwetu unaaminika, hata mama mwenyewe anakupenda, dada yangu Dorah humsomea safu yako kila Alhamisi kule Petta, kwa hiyo naomba sana usitaje jina langu.

Mimi ni Mjopadhola, nina duka dogo hapa Rubongi, na mke wangu Shallon ni Msamia wa Masinya, ni bondia, na mwezi ujao anakwenda na timu yetu ya taifa kwenye michezo ya kimataifa, ile yenye mbio, kuogelea, kunyanyua vyuma na kila kitu, ambako nchi kubwa hujaza ndege nzima na sisi tunapeleka watu wa kuenea kwenye basi moja na viti vikabaki, na kwenye ndondi za wanawake tunaye yeye peke yake. Hapo mwanzo nilidhani shida yangu itakuwa ni ngumi. Sikujua itakuwa ni kuku.

Shallon anapigana uzito wa kilo hamsini, na Jumatatu timu yote inapimwa Kampala, akizidi hata kidogo anaachwa na yule wa akiba anapanda ndege badala yake, kwa hiyo anakula mboga ya sukuma wiki iliyochemshwa bila mafuta na yai moja, halafu anakwenda kukimbia. Sasa tangu jina lake lisomwe redioni watu wameamua kwamba mtu anayewakilisha nchi lazima ashibe, jirani analeta muhogo, wa kanisani wanaleta mchele, na mama yangu kila akitoka Petta anakuja na kuku, anamchinja mwenyewe, anampika na karanga, anasonga ugali wa wimbi, anamjazia Shallon sahani, na Shallon anapiga magoti, anashukuru, anaonja mchuzi kwa ncha ya kidole na kusema ameshiba. Mama akakunja uso. Kwetu mke wa mtoto asipokula chakula cha mama mkwe anakuwa ametamka jambo bila kufungua mdomo, na Dorah akamfungulia huo mdomo: "Huyu anaogopa mama itamwekea sumu. Anaona mama ni mchawi." Mimi nikawa nakula sahani mbili, yangu mbele ya watu na ya Shallon nyuma ya nyumba, mpaka suruali zangu hazifungi tena kifungo, na bado maneno hayakuisha.

Ndipo Jumapili moja mama akaja Shallon akiwa mazoezini, akaketi jikoni, akamweka kuku aliyefungwa miguu katikati yetu, akasema, "Leo mi siondoki hapa mpaka naona bibi yako anakula. Kama hataki mkono yangu, aseme." Mama Felistus, sikuwa nimepanga kitu, nilitaka tu yule kuku aondoke pale, nikasema, "Mama, siku hizi chakula inamshinda." Mama akamsogeza kuku pembeni. Halafu akaniuliza polepole, "Anatapika?" Na mimi nikasema anatapika.

Alipiga vigelegele mpaka wateja wakachungulia kutoka dukani. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaomba, akaenda zake na kuku wake mzima, na nikuambie kweli, wiki ile ilikuwa ya amani kuliko zote tangu nioe. Nilijiambia Shallon atasafiri, atarudi na medali, na katika kelele za medali hakuna atakayekumbuka kuuliza habari za tumbo.

Kisha ukaletwa udongo. Mama alituma mfuko wa ule udongo wanaokula wajawazito, Shallon akaupokea mwenyewe, akaniuliza, "Hii udongo ni ya nini?" nikamwambia ni ya kuziba ufa kwa ukuta, na yeye akauloweka akaziba. Baadaye mama, ambaye ameshaamua kwamba ni mvulana, akampa mtoto jina, Ochwo, jina la marehemu baba yangu, aliyefia Malaba akipakua lori, na mwenzake wa kazi akaacha mizigo palepale akapanda baiskeli mpaka Petta kumwambia mama, maana hakutaka apate habari ile kwa watu wa njiani. Dorah ananiambia siku hizi mama akiwa shambani anapalilia huku akimsemesha huyo Ochwo.

Na sasa juzi imemjia akilini kwamba mwenye mimba anakwenda kupigwa. Akanipigia simu: "Wewe, uko na akili kweli? Watu wa mbali wapige Ochwo kwa tumbo na wewe unaangalia kwa televisheni?" Nikasema daktari ameruhusu. Akasema, "Daktari gani? Niletee huyo daktari." Ijumaa anakuja na Dorah moja kwa moja kwa kocha Paddy, hapa Tororo mjini, kumwambia amtoe Shallon kwenye timu, na Paddy akisikia neno mimba, hata kama ni uvumi, hana budi kuwaarifu wakubwa wa Kampala, na wa akiba yuko macho. Jumamosi kuna karamu ya kumuaga huko Petta, ukoo mzima umealikwa. Shallon hajui lolote. Anaruka kamba nyuma ya duka na kuniambia, "Mama yako siku hizi ananipenda sana."

Nimefikiria niseme mimba imetoka, watu walie kidogo, yaishe. Au nimwombe Shallon akubali kujifanya mjamzito mpaka apande ndege. Au nimwombe Paddy amwambie mama kwamba Shallon anakwenda kutazama tu, hapigani. Mimi nilitaka amani kati ya wanawake wawili ninaowapenda, sikutaka kingine. Niambie ipi ni nzuri.

Mume wa Bondia, Rubongi.

JIBU LA MAMA FELISTUS

Mume wa Bondia,

Mara ya kwanza niliposoma barua yako nilicheka pale kwenye udongo mpaka nikavua miwani. Mara ya pili nilipofika kwa Ochwo nikaacha kucheka, na tangu hapo sijarudia.

Nakuhurumia kidogo, na huo kidogo uupokee sasa kwa sababu huko mbele hautauona tena. Kuku wa mama mkwe si jambo dogo. Mimi niliolewa ng'ambo ya pili ya mpaka, na mwaka wa kwanza mzima nilikula dagaa omena zenye mchanga nikisema ni tamu, mama, nani amekufundisha kupika hivi. Kwa hiyo najua jasho ulilotoka pale jikoni.

Lakini wewe ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema: Mama, akizidi uzito anaachwa. Mimi usiyenijua umeniambia vizuri kabisa, na kilo ukazitaja. Mama aliyekuzaa hujamwambia hata mara moja! Uliona ni rahisi zaidi kula sahani mbili. Mkeo analala na njaa kwa ajili ya nchi, wewe unanenepa kwa ajili ya woga, kisha unaniandikia kuhusu amani.

Sasa hizo njia zako. Ile ya Paddy sitaijibu, wewe ni mtu mzima. Ile ya kumwomba Shallon ajifanye ni kumwongezea mzigo mtu ambaye hata kipande cha muhogo anakikwepa. Iliyonichoma ni ya kwanza. Walie kidogo, yaishe? Ukisema mimba imetoka, mama yako atavaa gauni lake la gomesi, atakusanya wanawake wa kanisani, watakuja kukaa na Shallon na kumlilia, na Shallon atauliza ni nani amekufa. Na Dorah, kwa jinsi ulivyonieleza mdomo wake, hatakosa la kusema. Ni ile kamba. Ni zile ngumi. Tangu siku hiyo mpaka azeeke, huyo binti wa Masinya atakuwa ndiye aliyemuua Ochwo ili akacheze ng'ambo, arudi na medali au arudi mikono mitupu. Ni uongo ambao hautaweza kuurudisha tena, na atakayeubeba si wewe.

Basi sikiliza. Unaanza na Shallon, kabla hajafunga vitambaa mikononi kwa mazoezi. Mwambie yote, na udongo uutaje. Usicheke hata yeye akicheka. Akikasirika akataka kwenda kwao mpaka Jumatatu, mbebee begi mpaka stendi. Na usithubutu kumwomba aje akusaidie kumwambia mama yako. Wakati unayatunga hakuwepo, hata wakati wa kuyatengua asiwepo. Kisha mpigie Paddy, asije akashtukizwa na wanawake wawili na neno ambalo halina msingi.

Halafu Petta, peke yako. Dorah mtafutie kazi mbali na nyumba. Salamu ziwe salamu tu, usianze kuuliza mvua na mihogo mpaka jua likazama. Sema hivi: Mama, Shallon hana mimba, hajawahi kuwa nayo, ni mimi nilikudanganya. Useme mimi, usiseme sisi. Ukimaliza, nyamaza. Atalia, na hatakuwa anamlilia mtoto, atakuwa anamlilia mumewe mara ya pili, na aliyemsababishia ni mwanawe. Akikufukuza, kaa uani mpaka akuite. Na usimtulize kwa kumwahidi Ochwo wa mwakani, maana huyo si mtoto wa kuahidiwa na wewe peke yako, na mwenye tumbo ana safari.

Akishatulia ndipo umweleze habari ya uzito, taratibu, kama ulivyonieleza mimi. Mwambie Shallon hajawahi kuukataa mkono wake, ila Jumatatu atapanda mizani, na mizani haijui nani amepika. Kisha mwombe msaada. Jumamosi yeye ndiye asimame mbele ya ukoo aseme, huyu leo hali, na ni mimi nimekataza. Nani atambishia? Shallon akikataa chakula wataita dharau, mama yako akikataza wataita amri. Mpe nafasi awe upande wa mke wako. Kwa maelezo yako mwenyewe hajawahi kupewa, amekuwa akipewa uongo na sahani tupu. Na yule kuku amfuge. Siku Shallon anarudi, ashinde asishinde, amchinjie amle na mifupa yake.

Jambo la mwisho. Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha; la mkeo na la dada yako hukuomba. Lakini wewe mwenyewe umeniambia kwamba Dorah humsomea mama safu hii kila Alhamisi, na Rubongi yenyewe sijasikia kuwa ina bondia wa pili wa kike. Ndiyo sababu nilikutumia jibu hili kwa simu tangu Jumanne asubuhi. Naona umelisoma. Hujajibu. Nilipokupigia jana ulisema bado unatafuta maneno. Wapo watakaonilaumu kwa kulichapa, nami ningeliweka kando kama kesho mama yako asingekuwa kwa Paddy, na kama msichana aliyejinyima chakula miezi yote hii asingekuwa karibu kupoteza nafasi yake kwa sababu mumewe anatafuta maneno. Maneno ni haya hapa juu, yatumie.

Leo ni Alhamisi. Gazeti hili hufika Petta mchana. Siku ile baba yako alipofariki, mtu asiye hata wa ukoo wenu alipiga pedali kutoka Malaba ili mama yako asije akaambiwa na watu wa njiani kwamba Ochwo hayupo. Wewe uko Rubongi, na bodaboda zimejaa mbele ya duka lako. Funga duka, uende.