Damu ya Shija

Nemba, Jumanne

Ningemwambia tu yule mama arudi kwa daktari, kama tunavyotakiwa. Sijui kwa nini nilimjibu.

Asubuhi nilimtoa damu Shija, mtoto wa miaka minne aliyevimba mikono, analia hata ukimgusa. Mchana nilipoitazama kwenye darubini, chembe zake zilikuwa zimejipinda kama mundu. Nikaandika majibu, selimundu, nikampelekea daktari.

Baadaye mama yake akaja dirishani kwangu maabara.

"Dada, daktari anasema ugonjwa umetoka kwenye damu yetu, mimi na baba yake. Wewe ndiye uliyeiona. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Mzazi anaweza kuubeba bila kuumwa."

"Na mapacha waliomtangulia? Walivimba hivi hivi, kule Shinyanga, wakafa."

Nikasema huenda ni huo huo.

Akainamisha macho. "Sisi tulisema ni jirani yetu aliyewaroga, bibi mmoja mjane. Watu wakamchomea nyumba. Mimi ndiye niliyemtaja."

Nilimwuliza kama yule bibi yu hai. Akasema hajui, kwa sababu walihamia huku wiki ile ile.

Kisha akamfunga mtoto mgongoni na kunishukuru. Kunishukuru mimi!

Miaka yote hii nimejifariji kwamba hata dawa zikiisha, sisi wa maabara tuna ukweli wa kumpa mtu. Leo nimempa mama huyu, na sijui nimemsaidia nini.