Barua Iliyopigwa Muhuri

Liepsala, 4 Machi 2011

Kwako Bibi Skaidrīte,

Shikamoo. Natumaini nyonga imekupa nafuu, na kwamba muuguzi anakusomea haya taratibu kama nilivyomwomba. Mimi ni Sintija, karani mpya wa ofisi ya ustawi wa watoto. Ndimi niliyepokea simu yako mwezi uliopita, ulipotaka kuambiwa kila jambo kuhusu mjukuu wako Estere. Naandika kwa uangalifu, maana si kila jambo ninaruhusiwa kulisema.

Wale Wafaransa wanaotaka kumuasili, wawe wazazi wake, wamefika. Mume anaitwa Loïc, ni seremala. Mke ni Mathilde, anafundisha watoto wa chekechea. Juzi niliwapeleka kwenye kituo cha watoto pamoja na mkalimani. Walikuwa wamemletea tulipu kumi na mbili. Nilizihesabu mlangoni nikashtuka, kwa kuwa wageni hawajui kwamba kwetu maua ya idadi shufwa hupelekewa maiti, nikachomoa moja na kuificha ndani ya koti langu. Mume aliniona. Nadhani anaamini mimi ni mwizi wa maua, na sikupata ujasiri wa kumweleza.

Watoto wadogo waliwazingira, maana humwita mama kila anayeingia na mkoba. Estere alikaa mwisho wa benchi bila kuvua koti, kama mtu anayesubiri basi. Mathilde alimwonyesha picha za nyumba yao, mbwa wao, na kitanda chenye shuka za manjano. Alizitazama zote kwa adabu, kisha akamwambia mkalimani: "Waambie ni nyumba nzuri. Lakini mimi nina bibi."

Kwa vile ametimiza miaka kumi na miwili, sheria inataka atie saini mwenyewe. Bila saini yake hakuna safari. Bi Vizma, mkuu wangu, anakuomba umwandikie mistari michache ya kumtia moyo. Wageni wana wiki nne tu.

Binti yako kwa heshima,
Sintija

Vecupe, nyumba ya wazee, 10 Machi 2011

Mwanangu Sintija,

Marahaba. Nyonga ni ileile, haijasikia kwamba kuna watu wanaiombea. Wala sisomewi. Macho yangu bado yanaona hata yasiyonihusu, na huyo muuguzi husoma kama mtu anayetafuta mwiba kooni.

Kuhusu lile ua ulifanya vema. Jirani yangu wa kitanda, Austra, amecheka mpaka meno yakamtoka. Anasema karani wa serikali akiiba moja tu, huyo ni mwaminifu.

Sasa nisikilize. Nimemlea Estere tangu akiwa na miaka minne, binti yangu alipofariki. Majira ya baridi ya mwaka juzi niliteleza kwenye barafu kisimani, na ofisi yenu ikasema bibi mwenye mkongojo hawezi kubeba kuni. Mtoto akaenda upande wake, mimi wangu. Sikubisha, kwa kuwa walisema kweli.

Sikatai aende. Nina miaka themanini na mmoja, na humu kila mwezi kuna kitanda kinachobadilishiwa mtu. Apate watu wake. Lakini neno hilo nitamwambia kwa mdomo. Mlete nusu saa tu. Kilomita arobaini si Siberia. Nikimshika uso nikamwambia nenda, ataenda. Akilisoma kwenye karatasi atadhani nimelazimishwa, na hatakuwa amekosea.

Bibi yake Estere,
Skaidrīte

Liepsala, 16 Machi 2011

Bibi Skaidrīte,

Shikamoo. Msalimie na Bibi Austra.

Nilimpelekea Bi Vizma ombi lako. Alisema wiki hizi ndugu wasionane na mtoto, asije akavutwa huku na huku. Nikasema labda nusu saa. Akaniuliza nina miezi mingapi kazini. Nina mitano, na majaribio ni miezi sita. Kwa hiyo nimeandika ombi rasmi makao makuu Riga. Hujibu ndani ya siku kumi na nne za kazi. Tafadhali vumilia kidogo.

Estere sasa hushinda na wageni. Loïc alirekebisha mlango wa jikoni pale kituoni, naye akawa anamshikia misumari. Jana Mathilde aliandaliwa mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe, akazimeza kama dawa, na Estere akacheka. Wahudumu wanasema hawajawahi kumsikia akicheka. Nafikiri ameanza kuwapenda, na jambo hilo linamtisha. Kila nikimwekea karatasi mezani huirudisha upande wangu kwa kidole kimoja. Ananiambia, "Bibi akiwa peke yake, siendi."

Gari la ofisi lipo uani. Funguo ziko kwenye droo yangu. Nimezitazama leo mara kadhaa.

Binti yako,
Sintija

Vecupe, 21 Machi 2011

Wewe binti,

Siku kumi na nne za kazi! Wageni watakuwa wameshapanda ndege. Riga wanajua nini kuhusu mimi na mtoto yule?

Basi jirahisishieni. Mwambieni nimekufa. Maiti huzikwa, mtu akaendelea na safari yake. Aliye hai ndiye asiyeachika. Ikiwa mimi ndiye gogo njiani, liondoeni. Mwambieni, atie saini, aondoke, nanyi mfunge jalada lenu.

Bibi yake,
Skaidrīte

Vecupe, 24 Machi 2011

Mwanangu Sintija,

Neno lile nalifuta. Niliandika kwa hasira, nikatuma kabla hasira haijapoa. Austra amenisema siku mbili mfululizo, anasema hata mbwa hadanganywi hivyo. Barua ile itie motoni.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Hiyo ni ya Estere, mpe mkononi. Nimemwambia aende. Nimemwambia nina redio, nina supu ya moto, nina Austra anayekoroma kama trekta, kwa hiyo siko peke yangu. Nadhani itatosha. Ninyi mlitaka nimwandikie tangu mwanzo, ukaidi ulikuwa wangu. Nisamehe kwa kukuita wewe binti.

Bibi yake Estere,
Skaidrīte

Liepsala, 12 Aprili 2011

Bibi Skaidrīte,

Shikamoo. Sithubutu kukuuliza hali yako kabla sijakuambia nilichofanya.

Barua yako ya hasira ilifika Ijumaa. Kila barua inayoingia hapa mimi huipiga muhuri, huipa namba na kuitia jaladani. Yako niliisoma nikaogopa, na mkono ukapiga muhuri kabla akili haijafika. Ikawa namba 214. Haikunijia kabisa kwamba barua inaweza kukosa namba. Bi Vizma hupitia majalada jioni. Jumatatu alinichukua tukaenda kituoni, nikidhani tunakwenda kujaribu tena. Tulimkuta Estere jikoni anamenya viazi. Bi Vizma akamwambia kwa upole sana kwamba umefariki usingizini, hukuteseka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi. Estere aliuliza jambo moja: "Alikuwa peke yake?" Bi Vizma akasema hapana. Estere akafuta mikono kwenye aproni, akatia saini.

Barua yako ya pili ilifika Jumanne. Iliyobaki ndiyo mbaya zaidi, Bibi. Hiyo sikuipiga muhuri. Niliisoma, na karatasi ya Estere pia niliisoma, nikazitia mkobani. Walikuwa wanaondoka Jumamosi. Nilikuwa na siku nne. Kila asubuhi nilijiambia nitasema mchana, na mchana nilijiambia saini itabatilishwa, Bi Vizma ataulizwa, nami nitaulizwa kabla yake.

Alhamisi Estere aliomba kuona kaburi lako. Aliambiwa ardhi imeganda, utazikwa baadaye. Basi akaomba apelekwe kwenye kaburi la mama yake, na gari nililiendesha mimi. Alichora mchanga wa kaburi kwa reki, mistari imenyooka kama ulivyomfundisha. Kisha akachora kipande kingine cha pembeni, kitupu, upana wa kitanda, akaniambia hapo ni pako. Akatoka kinyumenyume asiache nyayo. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu, hatua mbili kutoka kwake.

Jibu la Riga lilifika tarehe tano, siku tatu baada ya wao kuondoka. Wameruhusu nusu saa.

Nimenakili anwani yao Ufaransa kutoka jaladani. Ni kosa, lakini hii hapa. Karatasi yake bado ninayo. Sema neno moja, nami nitaituma leo pamoja na maelezo yangu yote, hata wakinifukuza.

Sintija

Vecupe, 3 Mei 2011

Sintija,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimekuandikia mara nyingi, na zote hazikufaa kusomwa na mtu aliyelelewa vizuri.

Sijakusamehe. Kila asubuhi najaribu, ikifika jioni nimeshindwa. Lakini neno la kwanza nililiandika mimi, kwa kalamu yangu, tena kwa mwandiko mzuri. Hilo siwezi kukusukumia wewe.

Nimekaa na anwani hii wiki mbili. Austra anasema niandike: hivi kuna mtoto asiyetaka kusikia bibi yake yu hai? Yupo. Ni huyu. Akisikia, atawachukia wale watu, ingawa hawakujua lolote. Atataka kurudi, na pa kurudi hapana. Nyumba yangu madirisha yamepigiliwa mbao. Na akishanipata tena, atanilinda kwa mbali mwaka mmoja, labda miwili, kisha mtu wa posta ampelekee habari yenyewe ya kweli. Amekwisha kunililia. Hakuna mtoto anayestahili kumzika bibi mmoja mara mbili.

Usiitume. Anwani nakurudishia humu, pamoja na barua yako ya kukiri. Karatasi yake iweke. Akija kuuliza akiwa mtu mzima, mpe barua zote, na hiyo ya kukiri kwako pia, uwepo hapo akiisoma.

Jumapili wageni huruhusiwa kuanzia saa nane mchana. Siahidi kuwa mwema. Ukija, usiniletee habari zake. Nikikuuliza, niambie.

Bibi yake,
Skaidrīte