Ukucha Mweusi wa Mguu wa Kushoto

Dilala, Kolwezi

Kwa dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Bilkisi,

Asalam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Abibu na watoto mkiwa wazima huko Dilolo, na biashara ya mpakani ikitembea. Sisi huku wazima, tena tuna furaha. Nimempa Mama Sikudhani akuletee mkononi, maana kwenye simu ungeanza kulia kabla sijafika penye kicheko.

Unatujua sisi wenye taksi-moto, pikipiki za kubeba abiria: ukucha wa dole gumba la mguu wa kushoto huwa mweusi kwa kugongana na pedali ya vitesi, ile ya kubadilishia gia. Hapa kituoni tunauita diploma. Wangu uliwapita wote, nami nilivaa kandambili makusudi ili uonekane. Mke wangu Yasmine ndiye aliyeniharibia ufahari huo. Alisema damu iliyoganda husogea mbele ukucha unapokua, lakini weusi wangu haukusogea tangu Ramadhani, na sasa umevuka mpaka kwenye ngozi. Akanipeleka hospitali nikinung'unika njia nzima.

Daktari Adolphine alikata kipande, kikapelekwa Lubumbashi kupimwa. Ilikuwa kansa ya ngozi. Yaya, niliogopa sana. Daktari akaeleza kwamba ingekuwa imepanda kwenye tezi za kinena, tungehitaji dawa za mshipani za kutafutwa mbali. Yangu haikuonekana kupanda. Zilibaki njia mbili: kuondoa ukucha na nyama yake na kubandika ngozi ya paja, au kukata dole kwenye kiungo. Kwa jinsi yangu ilivyozama, yeye aliamini zaidi kukata. Nikawaza nitabadilishaje vitesi, watoto watakula nini. Yasmine akaniambia mbele yake: "Mi niliolewaka na mutu, hapana na kidole."

Sasa nikuambie ukweli. Ile moto niliyosema imeharibika, ndiyo maana sikuja kwa Idi ya kuchinja, ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa gereji. Dole limekatwa, kidonda kimefunga, na juzi majibu yamerudi: kingo safi, tezi safi. Nililia kwa furaha mbele za watu. Nimeweka pedali ya kisigino, na wateja wa Musonoi wanasema naendesha kwa adabu kuliko zamani. Kwenye arusi ya mwanao Yassini nitacheza kwa vidole tisa na nusu.

Yasmine na watoto wanakusalimu sana. Nisalimie wote, ila shemeji usimsalimie kwanza. Naye ana moto, na mwaka jana alinionyesha diploma yake akijisifu. Mvue soksi, yaya, umtazame vizuri, halafu ndipo umpe salamu zangu.

Ndimi mdogo wako,
Hamadi