Gari la Kijivu Lililoingia Njia Mpya ya Barabara ya 95

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Darla Mae Fincham
Umri: miaka 56
Kazi: mpishi, kantini ya ofisi ya serikali, Washington
Makazi: Stafford, Virginia
Elimu: aliishia darasa la tisa
Yameandikwa kituoni Jumanne, tarehe 10 Mei 2022, saa tano asubuhi, mbele ya Sajini Prather. Yanaendelea baada ya mapumziko mafupi.

Asante kwa kahawa, afande. Haya, nilikuwa nimefika wapi? Kwenye mstari, ndiyo. Mimi gari langu naliacha pale uwanja wa kuegesha magari Stafford, naungana na wenzangu kwenye mstari wa abiria. Dereva anakuja, anashusha kioo, anapiga kelele anakokwenda, anachukua wawili. Yeye anatimiza watu watatu, anaruhusiwa kupita ile njia ya magari yenye watu watatu, isiyo na foleni, na sisi tunafika kazini bure. Hatujuani. Na kanuni yetu, ambayo sijui nani aliitunga, ni kwamba abiria hafungui mdomo mpaka dereva aanze. Sasa niangalie mimi, afande. Saa nzima kimya! Kuna siku nashuka taya zinauma.

Leo saa kumi na mbili na nusu alikuja Lowell Sisk na gari lake la kijivu. Lowell ni fundi wa lifti kwenye jengo moja huko mjini. Yeye namjua, maana huwa anaanza maneno mwenyewe, Mungu ambariki. Nikakaa mbele. Nyuma akaingia mzee mmoja tunayekutana naye karibu kila wiki, huu mwaka wa pili. Moyoni namwita Kofia, kwa sababu kofia yake haivui. Jina sikulijua. Mimi najua muuza donati wa pale uwanjani ameachana na wake wangapi, lakini Kofia, hata jina! Kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni na siku zote kimegeukia kifuani. Siku moja nilijifanya nimeangusha hereni nyuma ili nikichungulie. Sikuona kitu, na hereni ikapotea kweli.

Tulikwenda kama maili nne, tukakwama. Ni pale wanapopanua barabara. Ile njia ya watu watatu inaanzia mbele zaidi, kwetu bado haijafika, ndiyo wanaileta. Miaka sasa tunawatazama wanakata miti, wanamwaga zege, wanaleta mitambo mikubwa kama nyumba. Mstarini kila mtu ana habari yake. Mmoja anasema wanafungua Krismasi, mwingine anasema wajukuu wetu ndio wataipita. Leo nikaiona ng'ambo ya mapipa ya rangi ya chungwa waliyoizibia, imekwisha! Lami nyeusi tii, mistari imechorwa, hakuna hata jani juu yake. Na sisi huku tumebanana, tunavuta moshi wa lori la kuku.

Lowell akasema, "Darla, nimechelewa mara tatu mwezi huu. Bosi ameshaniita ofisini."

Nikamwambia pole.

"Unaona ule mwanya kati ya mapipa? Malori yao yanapita pale."

"Nauona."

"Sisi tuko watatu. Na njia ni ya watu watatu."

"Haijafunguliwa, Lowell. Usijifanye hujui."

Akasema, "Wewe unaonaje?"

Sasa hapa, afande, andika kama ninavyokwambia. Nilisema, "Ingia bwana, tuone kukoje." Mimi sikuwa nimechelewa. Supu yangu ya leo niliipika jana. Nilitaka tu kujua.

Akaingia. Pipa moja tukalikwangua, la pili likaruka. Mfanyakazi mmoja wa fulana inayong'aa akajitupa mtaroni. Niligeuka nikamwona anainuka na kututukana, nikasema huyu mzima. Hiyo habari kwamba aliumia kiwiko nimeisikia hapa kwako. Naomba umwambie samahani, na kama anapenda pai ya tufaha, anielekeze kwake.

Halafu ile njia. Ushawahi kupita wewe? Aa, hujawahi. Ni laini mpaka unajisikia kama umezimia. Magari yote yale kule pembeni yamesimama, watu wanatukodolea macho, na sisi tunateleza peke yetu. Mara nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Kofia! Kicheko chembamba, kama anatekenywa. Akasema, "Leo tutafungwa wote watatu." Lowell akacheka mpaka akagonga honi. Mimi nikaona leo ndiyo leo. Nikamwambia, "Mzee, kumbe unaongea! Jina lako nani?"

Hakujibu. Nikadhani kanuni imerudi. Nikangoja, nikashindwa, nikageuka. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja. Kahawa imemmwagikia mapajani, inafuka, na yeye hata hashtuki.

Nikasema, "Lowell, huyu amepigwa kiharusi."

"Acha utani wako."

"Dada yangu alipata hivihivi mezani. Kanyaga mafuta!"

Njia ile haina pa kutokea mpaka geti la wajenzi. Mlinzi wa geti, mwanamke mpana kama mimi, alikuja na mkono juu na matusi tayari mdomoni. Akachungulia nyuma. Akayameza matusi, akafungua. Kutoka pale hospitali iko karibu. Mimi nilikuwa nimeshapanda nyuma, nimemshika kichwa. Kofia ilianguka. Ana upara mzuri tu, sijui alikuwa anauficha nini.

Wakati wanamshusha pale hospitali, Lowell alinivuta pembeni. Akasema, "Darla, tuseme alianza kuumwa tukiwa kwenye foleni, ndiyo maana nikaingia. Wakinichukulia leseni, kazini nitafikaje? Nitafukuzwa." Nikamwambia sawa. Nilisema sawa, afande, usilifute hilo.

Basi akaja daktari, msichana mdogo tu, anatembea kama anakimbia. Akauliza, "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Nani amemsikia akiongea?" Akasema iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini haitolewi kwa kubahatisha, lazima wajue ugonjwa ulianza lini. Lowell akanitazama. Mimi nikamtazama yule mzee, jicho moja lilikuwa linanifuata.

Nikasema, "Mimi nimemsikia. Alicheka na akaongea vizuri tukiwa tumeshaingia njia mpya. Baada ya mapipa. Dakika kumi hazijapita."

Lowell akaenda kukaa kwenye kiti, akainamisha kichwa. Muuguzi akageuza kile kitambulisho. Wendell Oakes. Wendell! Mimi siku zote nilikuwa nimemkadiria kuwa Harold.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi kilitangulia, jibu ndilo hilo nililompa daktari. Tuliingia kabla hajaumwa, na aliyesema ingia ni mimi. Kuna kifungo kwa mtu aliyesema ingia? Hapana, nauliza tu. Lakini andika pia kwamba tungebaki nyuma ya lori la kuku, saa hizi Wendell angekuwa hajui hata jina lake mwenyewe. Muuguzi ameniambia anasogeza vidole. Na hiyo njia, hebu nidokeze, wanafungua lini? Nyie lazima mnajua. Sitamwambia mtu. Halafu yule mlinzi wa geti, nimekumbuka kitu, alikuwa amevaa...

Nani? Lowell? Naja, baba, naja! Afande, niliyoyaona na niliyoyasema ni hayo, usiongeze chumvi. Ngoja nimsikilize huyu.

Sahihi ya shahidi: D. M. Fincham

MAELEZO YA AFISA: Maelezo yalikatika hapo juu baada ya Bwana Lowell Sisk, aliyekuwa akisubiri nje, kufungua mlango na kumwita shahidi. Walizungumza ukumbini, sikusikia waliyosema. Shahidi alirudi macho yakiwa mekundu. Nilimsomea yote na kumuuliza kama anataka kubadilisha sehemu inayohusu kipi kilitangulia. Alisema hapana, akasaini. Ameomba niongeze hili kwa niaba yake: kuanzia kesho atakwenda mjini kwa gari lake mwenyewe, Bwana Sisk atakaa mbele, na kwenye mstari watachukua mtu mmoja tu ili watimie watatu.

Sajini R. Prather