Usitie Sahihi kwa Kosa la Swichi

S.L.P. 41,
Kianjai.
9 Mei 2024

Mpendwa dada Kanini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko ugenini? Unakula na kulala vizuri? Sisi tuko salama. Magoti ya Mama yamepata nafuu tangu mvua ipungue, na maharagwe yamefanya vizuri.

Barua yako tumeisoma, na tangu siku hiyo nina hasira.

Eti uzembe. Miaka sita umeendesha ndege ambayo swichi ya taa za kutua ikiwa mbele, taa zimewaka. Wakubwa wako wakakuhamishia nyingine ambayo swichi ikiwa mbele, taa zimezima. Alfajiri ile ulipitisha mkono kwenye swichi, ukazikuta zote ziko mbele, ukaendelea na kazi. Rubani mkuu akaona giza, akaziwasha, mkatua salama. Sasa wanataka kufikia mwisho wa mwezi huu utie sahihi kwamba wewe ni mzembe, ikae kwenye faili yako maisha yote. Waliozigeuza swichi hawajaandikiwa hata mstari mmoja.

Mimi ni fundi wa stima, kwa mambo ya swichi hawanidanganyi. Unamkumbuka Celina mwenye bucha? Mwaka jana nilimfungia swichi ya friji juu chini bila kujua. Huku kwetu swichi ikiwa chini, stima iko. Jioni ile Celina akaiona iko chini, akafunga duka, akaenda Mitunguu kwa bintiye siku mbili. Nyama yote ikaoza. Nami, bila haya, nikamwita mzembe mbele ya wateja. Nilipoifungua ile swichi nikaona ni kazi ya mikono yangu. Nilimpelekea mbuzi, na mbele ya wateja walewale nikasema kosa ni langu.

Wewe nawe umeniudhi. Kwa nini unaandika kwamba labda wanasema kweli? Waandikie yote kama ulivyotuandikia sisi, hata wakikusimamisha kazi. Kuna mwenzako atakayehamishiwa ndege hiyo baada yako, na mkono wake utapita ulipopita wako. Huenda siku hiyo rubani mkuu asione.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Munyi pia. Nilimsomea Celina barua yako pale buchani, akaacha kukata nyama. Anasema usitie sahihi yoyote mpaka walete mbuzi.

Mungu akushike mkono, angani na chini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikifoka,
Mutugi