Daftari Alilonishonea Baba Mkwe

(Barua hii na majibu yake vilipita kwanza kwenye simu, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Leo tunachapa vyote kwa ruhusa ya mwandishi, na jina lake tumeliacha kama lilivyo, mwenyewe kasema hana tena cha kuficha.)

Shangazi Felista mpendwa, shikamoo. Nisaidie haraka, maana nina furaha inayonikosesha raha, na hapa Ngonga sina wa kumweleza ambaye si wa ukweni.

Mimi ni mke wa Ipyana, nina miaka ishirini na tisa, nalima mpunga na kakao kama wenzangu, lakini tangu niko shule nachora, naanza na kalamu ya wino halafu napaka rangi za maji juu yake, na picha zangu naziweka kwenye simu watu wanaziona, basi mwezi uliopita mama mmoja wa Mbeya anayechapa vitabu vya watoto akaniandikia kwamba anatafuta mchoraji wa kitabu cha ziwa letu, niende nimwonyeshe daftari zima la picha nilizochora nikiwa nimekaa mbele ya kitu chenyewe, na iwe kabla ya mwezi ujao kuisha, Shangazi, nililia, nikacheka, nikaunguza wali.

Habari zikamfikia baba mkwe. Mzee Zebedayo ndiye anayeshona vitabu vya nyimbo vya kanisa letu vikichakaa, mkono wake unajulikana mpaka Ipinda, na wewe ni wa huku unaijua mila yetu, mkwe wa kike hamsogelei baba mkwe wala hamsemeshi, nikimwona anakuja njiani mimi naingia migombani mpaka apite, kwa hiyo miaka saba niko kwenye familia hii na hatujasemeshana hata neno moja, na mtu huyohuyo ambaye hajawahi kunitazama usoni alikaa wiki nzima akanishonea daftari la kuchorea, jalada gumu la kitambaa chekundu, jina langu mbele, akampa mama mkwe aniletee, na Jumapili wakati wa matangazo akasimama akasema mkwe wake atakwenda Mbeya na daftari alilolishona yeye, kanisa zima likageuka kunitazama, nikainamisha kichwa machozi yananitoka.

Sasa shida ni kwamba karatasi alizoweka ni zile nyembamba za vitabu vya nyimbo. Wino unapenya hadi ukurasa wa tatu, nikigusa na brashi yenye maji karatasi inajikunja, nikirudia inachanika. Nikajiongeza, nikachemsha mchele nikachuja uji wake mwepesi, nikapaka kurasa tano kama tunavyotia wanga vitambaa vya kufuma, zikakauka zikawa ngumu, zikapokea rangi vizuri ajabu, nikaenda kuchora akina mama wafinyanzi wa Kikisi na vyungu vyao, picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, asubuhi yake nakuta mende wamekula vyungu vyote pamoja na kichwa cha mama mmoja.

Ndipo nikapanda gari hadi Mbeya nikanunua karatasi nzito, zile zenyewe za rangi za maji, bunda lililoshikwa kwa gundi upande mmoja, jalada lake baya kama la katoni ya sabuni, nimelificha kwenye gunia la mpunga. Ipyana anasema nipeleke daftari la baba, karatasi ataijua nani. Nikipeleka la baba nitakosa kazi niliyoiota tangu utoto. Nikipeleka la dukani baba ataaibika mbele ya kanisa zima, na siwezi hata kumwendea nikamwomba radhi. Nichague lipi, Shangazi?

Hosiana, Ngonga

*

Marahaba, Hosiana. Umewapikia mende wali wa Kyela na picha juu yake, hao hawahami tena nyumbani kwako. Pole kwa kile kichwa. Na hongera, tena kubwa, kwa sababu mtu hatafutwi kutoka Mbeya kwa kuchora ovyo.

Kabla ya safu hii nilifundisha uchoraji kwenye chuo cha ualimu miaka kumi na tisa, kwa hiyo umebisha hodi penyewe. Mwambie mumeo kwa upole kwamba karatasi ataijua yule mama wa Mbeya, tena akiwa bado amesimama mlangoni. Wino na maji havibembelezeki. Anayechagua daftari kwa kazi yako asianze na jalada, aubane ukurasa kati ya vidole viwili ausikie uzito wake, aloweshe pembe moja kwa brashi, asubiri kidogo, kisha ageuze nyuma. Pakiwa pakavu na pamenyooka, achukue. Karatasi za gramu themanini ni za kuandikia barua, wewe unataka za gramu mia tatu, zenye mkwaruzo kidogo wa kushika rangi lakini si wa kukwamisha kalamu. Tena uchore kwa wino usioyeyuka kwa maji, uuache ukauke kabisa ndipo upake rangi. Mpaka hapo umechagua vizuri, bunda lako baya ndilo lenyewe. Litoe kwenye mpunga leo hii kabla halijanyonya unyevu.

Sasa nikugombeze. Unamshika mzee wa watu kama yai! Mtu ametumia sindano maisha yake yote, wewe unadhani atazimia akiambiwa karatasi haifai? Alikosea kwa sababu vitabu anavyovijua ni vya nyimbo, na nyimbo hazipakwi maji. Hakuna aliyemwambia kazi yako inataka nini, na aliyepaswa kumwambia alikuwa jikoni anachemsha uji wa kupaka. Mila imekukataza kumsemesha, lakini mama mkwe yupo, na hiyo njia imetumiwa na wakwe wote waliokutangulia.

Fanya hivi. Chukua ukurasa mmoja wa nyuma wa daftari jekundu na karatasi moja ya bunda. Chora mkungu wa ndizi kwenye zote mbili, wino uleule, rangi ileile. Mpe mama mkwe apeleke, na kikombe cha maji na brashi. Usiandike maelezo marefu ya kujitetea. Mama aseme tu kwamba mkwe anaomba baba amshonee tena kwa karatasi hizi nzito, zikunjwe katikati ndipo zishonwe, na daftari likifunguliwa lilale sawasawa, kwa sababu anachorea magotini. Kurasa ishirini zinatosha. Halafu uache kulia, ukachore. Usipotuma leo, usiniandikie tena.

*

Shangazi, nilituma siku ileile.

Mama mkwe anasema baba aliziweka karatasi mbili mezani, akachovya kidole, akasugua hii, akasugua ile. Kisha akasema, "Kwa nini mkwe wangu amehangaika peke yake wiki zote hizi? Nileteeni lile jekundu, na bunda lake lote." Akalifumua daftari lake kwa mkono wake mwenyewe, akashona zile karatasi nzito ndani ya jalada lilelile. Jumapili akasimama tena kwenye matangazo. Alisema, "Karatasi nilikosea mimi. Mkwe wangu amenisahihisha, na sasa nimeshona kitu." Kanisa lilicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Nimejaza kurasa zote ishirini. Mpunga ndani ya maji, kakao inayoanikwa, mitumbwi, na akina mama wa Kikisi nimewarudia, safari hii wana vichwa. Yule mama wa Mbeya alilifungua likalala sawa mezani, akapitisha kiganja juu ya ukurasa, akaniuliza naweza kuanza lini.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe uani, nikamwambia kwa sauti kwamba kazi nimepata. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Halafu nikasikia makofi nyuma ya jiko, ya mtu mmoja, mazito, hayakatiki. Mila ni mila, sikuzunguka kwenda kumwona. Nilipiga magoti palepale nikiwa nimeelekea ukuta, nikasema, "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba.

Makofi yakakoma. Mama mkwe akajifanya anatafuta ufagio.

"Ee, ndaga, mwanangu," sauti ikajibu kutoka upande wa pili wa ukuta.