Uso wa Nabil Kwenye Bango

Hounslow, London

Mjukuu wangu Salma,

Salaam nyingi zikufikie huko Glasgow. Mama yako bado anafanya zamu za usiku uwanja wa ndege. Mimi magoti yananisumbua, lakini tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kama ni sawa kubeba kwenye maandamano picha ya kijana wa Kipalestina aliyeuawa, nawe hukumjua. Nimechoka, mwanangu. Vijana wameuawa tangu ujana wangu, na picha zao bado zinabebwa.

Nilipoanza uuguzi hapa, nilikaa chumba kimoja na Huda, Mpalestina. Mdogo wake, Nabil, alipigwa risasi huko kwao, akafa. Baadaye tulikwenda kwenye maandamano, na kijana mmoja asiyetujua akampa Huda bango lenye uso wa Nabil.

"Shika, dada. Huyu ndiye shujaa wetu."

Huda aliitazama ile picha. "Mbona mmemkata masikio? Alikuwa na masikio makubwa, tukimtania kila siku."

"Kwani ulimjua?"

"Ni mdogo wangu."

Yule kijana aliona haya, akataka kulichukua bango lake. Huda hakumpa. Alilibeba huku watu wakilitaja jina la Nabil kwa sauti kubwa. Nikamwambia turudi nyumbani.

"Waache wamwite," akasema. "Mama yangu hawezi tena kulitaja jina lake."

Basi mbebe kijana huyo, Salma. Ukimpata aliyemjua, muulize alivyokuwa.

Akuombeaye kila siku,
Bibi Mwanaisha